Uzi wa Viatu

"Tumeutoa pale pale ulipotuelekeza, fundi," afisa wa uvuvi alisema, akaubwaga wavu kwenye nyasi za ukingo wa bwawa. "Matundu madogo hivi, hata kifaranga cha samaki hakiponi."

Fundi viatu aliweka chini fimbo yake ya kuvulia. Ni yeye aliyepiga simu juzi, na kupiga simu halikuwa kosa. Kosa ni kwamba alipoulizwa kamwona nani, hakusema hajamwona mtu. Alisema, "Nani tena kama si wale wahamiaji wa ng'ambo ya bwawa? Kabila lile ndio zao."

Sasa aliinama, akaupapasa wavu. Palipochanika palikuwa pameshonwa kwa uzi mnene wa rangi ya chungwa. Kidole kiliutambua kabla ya jicho. Uzi ule aliupaka nta kwa mkono wake mwenyewe, na wiki iliyopita alimkatia shemeji yake pima mbili.

"Nashona begi tu, shemeji," jamaa alimwambia siku ile, huku akicheka.

"Umetuokolea bwawa," afisa aliendelea. "Ila yule mzee anakana mpaka sasa. Ati hajui lolote."

"Mzee yupi?"

Afisa alionyesha gari kwa kidevu. Nyuma alikaa mzee wa ng'ambo, yule ambaye kila chambo kilipomwishia fundi, alimgawia chake. Alipomwona fundi, uso ulimchangamka, akatoa mkono dirishani.

"Afadhali umekuja!" aliita. "Hebu waambie, fundi. Wewe si unanijua?"