Jumamosi za Selwyn

"Arobaini na sita!" Ngaire alilibamiza daftari la kazi mezani mpaka skonzi zikaruka kwenye sahani. "Mtu mmoja, Jumamosi arobaini na sita mwaka jana! Na wewe, Colin, mbili. Hiyo ya pili ulikunywa chai ukaenda zako."

"Mgongo, mama mwenyekiti," Colin alijitetea. "Huu mgongo naujua mwenyewe."

"Ndio huohuo unaokaa juu ya treni kila Jumapili, saa tano mfululizo?"

Banda zima liliangua kicheko. Colin naye akacheka, maana hakuwa na pa kujificha.

Klabu ya treni ndogo ya Mangarua ina reli ya mita mia nane inayozunguka bustani ya mji, na treni zenyewe ni ndogo kiasi kwamba dereva huzikalia kwa juu kama aliyepanda punda. Jumapili watoto hupanga foleni kuanzia asubuhi. Lakini reli haijitunzi. Mataruma, zile mbao zinazobeba reli, huoza, kokoto hutawanyika, na mvua ya New Zealand ikishaotesha majani haimwombi mtu radhi. Kwa hiyo kila Jumamosi, kuanzia saa mbili asubuhi, ni siku ya kazi. Mzee Neville, mwasisi wa klabu, husimama getini na daftari lake. Kila anayeingia huandikwa jina na kushikishwa chombo cha kazi, salamu baadaye. Anayetimiza Jumamosi kumi na mbili ndiye anayepata zamu ya kuendesha treni kwenye sherehe za Krismasi.

Zile arobaini na sita zilikuwa za Selwyn, mstaafu wa kiwanda cha maziwa, mtu wa maneno machache. Alikuja kwa miguu kabla ya wote. Kwa miaka mitatu alikuwa amebadilisha mataruma, amepaka rangi kituo, amezibua mitaro ambayo wengine waliiruka tu wakiwa na vikombe mkononi. Zamu yake ya Krismasi aliikataa kila mwaka.

"Wapeni wengine," alikuwa akisema. "Mimi kazi inanitosha."

Watu walimsifu kwa unyenyekevu, kisha wakazidi kumwachia kazi. Ni rahisi sana kumpenda mtu anayekuzibulia mtaro.

Ngaire hakulipenda hilo hata kidogo. Alikuwa mwalimu mkuu kwa miaka ishirini, na mwezi uliopita, alipochaguliwa kuwa mwenyekiti, aliapa kwamba uonevu utakoma.

"Tunamnyonya huyu mtu," alisema sasa, "na mimi naona haya. Sheria mpya ni hii: kila mwanachama Jumamosi kumi na mbili, hazipungui, hazizidi. Asiyetimiza haendeshi. Aliyetimiza anakaa kwake anapumzika. Selwyn, leo ni mwanzo wa Aprili na zako umeshazimaliza. Tutaonana Januari."

Selwyn aliweka kikombe chini.

"Miezi tisa, mama mwenyekiti?"

"Miezi tisa, ndugu yangu. Lala mpaka saa nne, umestahili."

"Kulala nalala sana," alisema Selwyn kwa sauti ndogo. "Na mataruma ya pale kwenye kona? Colin hajui hata taruma linashikwa wapi."

"Nitajifunza!" Colin alidakia. "Mtu akinifundisha polepole."

Tangu mkewe afariki na binti zake wahamie ng'ambo, Brisbane, Jumamosi ndiyo siku pekee ambayo Selwyn aliamka akiwa na pa kwenda. Hakumwambia mtu hilo. Alikaa akiwaza miezi tisa ya kutazama dirishani, na moyo ukamuuma kweli.

Ngaire alianza kugawa kadi za zamu, kila mtu na tarehe zake, alizozichapa nyumbani kutoka kwenye orodha ya klabu. Kila mmoja alipata yake isipokuwa Selwyn.

"Jamani, hii mashine yangu!" Ngaire aliona aibu. "Imemruka mtu muhimu kuliko wote." Akachukua kalamu, akamwandikia moja kwa mkono: *Kumi na mbili kati ya kumi na mbili. Pumzika.*

"Haya, tupige kura. Wanaokubali?"

Mikono iliinuka banda zima. Colin aliinua wake, mgongo ukiwa mzima kabisa. Hata Mzee Neville aliinua wake, kwa shida, akiuegemeza kwenye mlango. Ni wa Selwyn tu uliobaki mapajani.

"Imepita!" Watu walimpigia Selwyn makofi, wakamwekea skonzi kubwa kuliko zote, ya jibini. Hakuigusa.

"Mama mwenyekiti," alisema makofi yalipotulia, "hebu nisomee tena hiyo sheria."

Ngaire alivaa miwani. "Hakuna mwanachama atakayefanya kazi zaidi ya Jumamosi kumi na mbili kwa mwaka."

"Mwanachama."

"Mwanachama yeyote, Selwyn, hata angekuwa nani. Usinibembeleze, tafadhali."

Uso wa Selwyn ulikunjuka taratibu. Akainuka, akavaa kofia yake, akachukua spana iliyokuwa imetundikwa ukutani.

"Basi mimi nitakuwa pale kwenye kona," alisema. "Sikuwahi kujiunga na klabu hii. Mimi ni jirani yenu tu. Siku ya kwanza nilikuja kulalamikia kelele za treni zenu, Mzee Neville akanishikisha toroli kabla sijafungua mdomo."