Chapei ya Mfenesi

Mwaka ambao mbao zote halisi zilitakiwa kurudishwa msituni, ofisa kijana alifika kwa Sovannary, mjini Battambang, kuchukua chapei ya marehemu mumewe. Ilikuwa ala ya nyuzi yenye shingo ndefu, ambayo Vuthy aliichonga kwa mti wa mfenesi walipokuwa wachumba.

"Shangazi, nimekuletea nyingine ya plastiki," alisema ofisa. "Sauti ni ileile."

"Na harufu?"

"Harufu gani?"

Sovannary akamtazama. Kumbe hajawahi kunusa mbao. "Weka pua hapo kwenye tundu, mwanangu."

Ofisa akainama, akavuta pumzi, akakaa hivyo kwa muda huku amefumba macho. "Tamu," akasema polepole. Kisha akaifunga chapei kwa kitambaa, akaunganisha viganja kuaga, akaondoka nayo.

Jioni Sovannary aliipiga ile ya plastiki, wimbo ambao Vuthy alimpigia siku aliyokuja kuposa. Sauti ilikuwa ileile kweli. Hata pale Vuthy alipozoea kukawia kidogo, wimbo ulikawia, ingawa vidole vyake yeye havikukawia.

Akaiweka sakafuni taratibu, akaenda kukaa mbali nayo.