Bakuli la Mgeni

Mwanamke mzee alizunguka asubuhi nzima katika makaburi ya kale akitafuta kaburi la bibi yake, asilione. Mwanakombo, ambaye nyumba yake imepakana na makaburi hayo, alimwonea huruma akamkaribisha barazani. Akamtilia uji katika bakuli zuri kuliko yote aliyonayo, kwani mgeni hapewi cha ovyo.

"Kaburi lenyewe halina jina," alisema mgeni akinywa kwa kijiko. "Walipachika bakuli lake la chakula kwenye ukuta wa kaburi, basi. Ndani limechorwa samaki wa buluu. Hujaliona, mwanangu?"

Mwanakombo aliutazama ule uji. Samaki alikuwa chini yake. Bakuli hilo alilibandua mwenyewe kwa kisu cha jikoni, akijiambia kwamba wafu hawali.

"Sijaliona, mama," alisema, akainuka upesi na sufuria. "Lete nikuongezee."

"Ngoja kwanza nimalize huu. Bibi alitufundisha tusibakize."

Mgeni akaliinamisha bakuli, akakomba, na mkia wa buluu ukachomoza. Mwanakombo alisimama pale pale, upawa mkononi, uji ukimdondokea miguuni.