Kompyuta Iliyopakwa Liwa

Bibi Kothai aliwatoa wote chumbani, akajifungia na kompyuta pamoja na sinia lake la maua, manjano na liwa. Kesho yake ilikuwa sikukuu ya vitendea kazi, siku ambayo mji mzima wa Sivakasi, kusini mwa India, mashine hupambwa na kupumzishwa bila kuguswa. Za kiwanda hiki cha kadi zilisafishwa na wafanyakazi. Kompyuta aliisafisha yeye, mama wa mwenye kiwanda, kwa saa mbili kamili, na hakuna aliyethubutu kuuliza inasuguliwa nini muda wote huo.

Poonkodi, mchoraji wa kadi, alibaki nje amenuna. Alikuwa amepata kazi yake ya kwanza kubwa, kadi mia nane za harusi ya watu wa Madurai, na faili lao lilikataa kufunguka kwa sababu programu ilikuwa ya zamani mno. Wenyewe wangekuja keshokutwa asubuhi. Wakilikuta halijafunguka, kazi wangeipeleka kwingine.

Alikuwa amemwomba Thangavelu, mwenye kiwanda, amruhusu kusasisha kompyuta. Thangavelu akamkumbusha jirani yao aliyesasisha ya kwake katikati ya msimu wa harusi, printa ikagoma kuitambua wiki tatu.

"Hii yetu ina miaka tisa haijaguswa, dada, na haijagoma hata siku moja," alisema kwa maringo. "Inalindwa na dua za mama."

"Basi kaka, mwambie mama aliombee na faili langu."

Thangavelu alicheka mpaka akakohoa. Bibi Kothai hakucheka. Aliuliza tu faili lenyewe linaitwaje na ni la programu gani, ndipo akaingia na kufunga mlango.

Keshokutwa yake wateja walikuwa wameshaketi Poonkodi alipobofya. Faili likafunguka, tausi na nakshi zote mahali pake. Printa ikanguruma kama kawaida. Thangavelu akamshukuru Saraswati, mungu wa kike wa elimu, kwa sauti, akawaambia wageni kwamba hiyo ndiyo faida ya kutogusagusa vitu.

Kwa furaha, Poonkodi alimpelekea bibi chai, akainama kumgusa miguu kwa heshima. Bibi akamvuta sikio karibu.

"Mwaka huu nimebadilisha programu tu, mjukuu wangu. Mfumo wenyewe wa kompyuta niliubadilisha mwaka juzi, na ule mpya zaidi uliotoka sasa bado naujaribu nyumbani kwenye laptopu yangu. Mwanangu usimwambie. Miaka tisa hii analala vizuri."