Choo Kinamwita Nasieku

Nasieku alikuwa amepiga magoti akipuliza moto wa chai, kama kila asubuhi, choo kilipomwita kwa jina. Kilikuwa na sauti ya kike, tamu, ya mjini.

"Waogieki, hongereni. Wote niliowapima hawana minyoo tena. Amebaki Nasieku."

Kitongoji kizima kikalipuka kwa vigelegele. Maji ya bomba yasingefunguliwa mpaka choo kimpime kila mtu na kumkuta mzima, na watoto walishakimbilia bombani na madumu yao, wakirukaruka kabla hata ya tone la kwanza.

"Haya bibie, katufungulie maji," wifi yake Chemutai alimtania akimsukuma. "Au umemeza nyoka mzima?"

Watu wakacheka. Nasieku naye alicheka. Kila alfajiri alishika njia ya chooni wote wakimwona, kisha akakata kona nyuma ya mianzi. Baba mkwe wake, mzee Salaton, alikitumia choo hichohicho, na kwao mwanamke hakalii alipokalia baba wa mumewe.

Mzee mwenyewe alikuwa pale, ameinamisha uso kwa heshima. "Nenda, mwanangu," alisema. "Watoto wana kiu."

"Ni mtu mmoja tu," choo kilirudia kwa upole. "Nitasubiri."

Vigelegele vikafifia. Nasieku akasimama.

"Baba," alisema, na kila mtu akasikia, "siwezi kukaa unapokaa wewe. Miezi yote hii nimekuwa nikienda mianzini. Nijengeeni changu."