Tone la Fundi

Fundi wa redio alitaka kuona mwanga unavyosoma damu. Alikuwa amemaliza kutengeneza kifaa cha zahanati kilichoharibika, kidogo kama simu, kinachomulika tone la damu kutafuta dalili za saratani. Taa ya kijani ni salama; nyekundu, nenda hospitali kubwa.

Akajichoma kidole.

"Mganga hajigangi, kaka," muuguzi aliyekileta alimtania.

Taa ikawaka nyekundu.

"Bado kibovu," fundi akasema. Akakifungua, akafuta kijioo kwa pindo la shati, akajaribu tena. Nyekundu.

"Lete nijaribu mimi." Muuguzi akadondosha tone lake. Kijani.

Fundi akakigeuza kifaa huku na huku, bisibisi ingali mkononi.

"Kumbe kimepona," akasema, akanyoosha kidole kingine.