Upande Wenye Vumbi

"Upande upi wa galaksi hii uko karibu nasi?" profesa aliuliza.

Mjukuu wangu aliigeukia picha kubwa iliyobandikwa ukutani. Ilionyesha galaksi yenye mikono iliyojiviringa, na katikati mishale myekundu aliyoichora mwenyewe, kuonyesha gesi ikimiminika ndani. Miaka minne ameihangaikia kazi hiyo, na leo anaitetea ukumbini mbele ya maprofesa ili apate shahada.

"Huu wenye vumbi jeusi," akajibu. "Vumbi liko mbele, ndiyo maana linaziba mwanga."

Profesa akaridhika, akafunika kalamu yake.

Lakini kidole cha mjukuu wangu hakikubanduka pale kwenye vumbi, sehemu ya chini ya picha. Nikajua kuna jambo, ingawa maprofesa walikuwa wameshaanza kukusanya karatasi zao.

"Samahani, Profesa," akasema. "Mishale niliichora nikidhani upande wa juu ndio wa karibu. Kumbe ni huu wa chini, na upande ukibadilika, mwelekeo wa gesi nao unageuka. Gesi haiingii, inatoka."

Bibi yake akanifinya paja. "Mzee, mtoto anajimaliza mwenyewe!"

"Mwache, mama."

Akachukua kalamu ya wino mzito, akaanza kugeuza vichwa vya mishale, mmoja baada ya mwingine, bila haraka. Profesa akafunua tena kalamu yake.

Nikanyoosha tai, nikamgeukia bwana niliyekaa naye, ambaye hakuwa ameniuliza kitu.

"Yule pale," nikamwambia, "ni mjukuu wangu."